Kuna Nini Ndani ya Uyoga Unaolimwa: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kupika na Kuhifadhi Virutubisho Vyake

Chukua gramu 100 za uyoga mbichi, uzikaushe mpaka unyevu uishe kabisa, kisha urudi kwenye mizani. Utakuta gramu 8 hadi 11 tu. Zilizopotea zote zilikuwa maji. Hapo ndipo mkanganyiko mwingi kuhusu lishe ya uyoga unapoanzia. Mmoja atakuambia uyoga una protini asilimia 30, mwingine asilimia 3, na huenda wote wawili wanazungumzia uyoga uleule. Wa kwanza ameupima mkavu, wa pili ameupima mbichi. Asiyejua kutofautisha mambo hayo mawili ataudharau uyoga bure, au ataupa sifa ambazo hauna, na familia inayoutegemea kama chakula kikuu cha protini italipa gharama ya kosa hilo.

Mwongozo huu unahusu uyoga unaolimwa pekee. Wa porini una mambo yake, hasa sumu, na hauingii hapa.

Hatua ya 1: Jua aina uliyonayo

Usitumie takwimu za aina moja kuelezea nyingine. Aina nne zinazolimwa sana zikiwa mbichi, kwa kila gramu 100, ziko hivi kwa wastani:

Uyoga mweupe wa kifungo (Agaricus bisporus): kilokalori 22, protini gramu 3.1, mafuta 0.3, kabohaidreti 3.3, na humo nyuzinyuzi ni gramu 1.

Uyoga mamama (Pleurotus ostreatus): kilokalori 33, protini 3.3, mafuta 0.4, kabohaidreti 6.1, nyuzinyuzi 2.3.

Shiitake (Lentinula edodes): kilokalori 34, protini 2.2, mafuta 0.5, kabohaidreti 6.8, nyuzinyuzi 2.5.

Enoki (Flammulina), ule mwembamba wenye mashina marefu: kilokalori 37, protini 2.7, mafuta 0.3, kabohaidreti 7.8, nyuzinyuzi 2.7.

Uyoga sikio (Auricularia) unajitenga na wenzake. Ukiwa mkavu, karibu asilimia 70 ya uzito wake ni nyuzinyuzi, na protini haifiki hata asilimia 10. Ni chakula kizuri kwa utumbo, lakini usiupike ukidhani umepata mbadala wa nyama.

Zichukue namba hizi kama wastani. Uyoga hujengwa na kile unachokula. Mamama waliooteshwa kwenye majani makavu ya ngano hawalingani na waliooteshwa kwenye maganda ya mbegu za pamba, maana kiasi cha nitrojeni katika mazao hayo mawili ni tofauti, na nitrojeni ndiyo malighafi ya protini. Umri nao una nguvu yake. Uyoga uliochumwa kabla kingo za kofia hazijanyooka na kuanza kujikunja kwenda juu huwa laini. Ukichelewa, shina linakuwa gumu. Kwa kawaida kofia ndiyo yenye protini nyingi na shina ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi, hivyo anayekata mashina na kuyatupa anatupa nyuzinyuzi.

Hatua ya 2: Pima maji mwenyewe

Kazi hii hufanyika jikoni. Unahitaji mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja, kisu, na sehemu ya kukaushia: oveni yenye moto mdogo au kikaushio cha jua.

Pima gramu 200 za uyoga ambao haujaoshwa. Ukiwa na uchafu, ufute kwa kitambaa kikavu. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita hivi, uvipange kwenye trei bila kipande kupanda juu ya kingine. Weka joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, na kama ni oveni, acha mlango wazi kidogo ili mvuke utoke. Baada ya saa kadhaa vipande vitakuwa vimesinyaa na kujikunja, lakini usidanganyike: shika kimoja ukikunje. Kikijikunja kama ngozi, bado kina maji. Kikivunjika na kutoa mlio, kiko tayari. Pima, rudisha kwenye moto kwa saa moja, pima tena. Vipimo viwili vikilingana, hapo ndipo pa kusimama.

Tuseme umebaki na gramu 20. Gawanya 20 kwa 200: mabaki makavu ni asilimia 10, maji asilimia 90. Tangu sasa, takwimu yoyote ya uyoga mkavu uliyosoma mahali unaweza kuibadilisha iwe ya uyoga mbichi ulio nao kwa kuizidisha kwa 0.10. Unga ulioandikwa una protini asilimia 22 unatoka kwenye uyoga mbichi wenye protini gramu 2.2 hivi kwa kila 100. Kwenye maabara hukausha kwa joto la juu zaidi, zaidi ya nyuzi 100, hivyo jibu lako la jikoni litaacha unyevu kidogo ndani. Kwa kupanga mlo, linatosha.

Hatua ya 3: Hesabu protini kwa kizidisho sahihi

Nakuomba usome hapa taratibu, hasa kama unauza uyoga au unga wake na unaandika lebo.

Mara nyingi maabara haipimi protini yenyewe. Inapima nitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25, kwa sababu protini ya kawaida ina nitrojeni asilimia 16 hivi. Kwa nyama hesabu hiyo inakubalika. Uyoga una jambo la ziada: kuta za seli zake zimejengwa kwa kitini, dutu ileile iliyomo kwenye gamba la kaa na la wadudu, na kitini ina nitrojeni ndani yake bila kuwa protini. Ukizidisha nitrojeni yote kwa 6.25 unaihesabu kitini kama protini. Ndiyo maana kwa uyoga hutumika kizidisho cha 4.38, yaani asilimia 70 ya 6.25.

Tazama tofauti. Tuseme unga wako umepimwa na kukutwa na nitrojeni asilimia 5. Kwa 6.25 unapata protini asilimia 31.25. Kwa 4.38 unapata 21.9. Unga ni uleule, lakini namba ya kwanza imeongeza zaidi ya gramu 9 zisizokuwepo katika kila gramu 100. Ukipokea ripoti ya maabara, uliza kizidisho gani kimetumika. Swali hilo moja litakuonyesha kama namba inaaminika.

Kuhusu ubora, protini ya uyoga ni nzuri kwa chakula kisichotokana na mnyama. Ina asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na ina lisini ya kutosha. Udhaifu wake uko kwenye methionini na sisteini. Nafaka ni kinyume: mchele, mahindi na ngano vina upungufu wa lisini. Kwa hiyo uyoga na nafaka katika sahani moja vinasaidiana. Uyoga na maharage havisaidiani kiasi hicho, maana maharage nayo yana upungufu wa methionini.

Kiasi ndicho kinachohitaji ukweli. Maharage yaliyopikwa, gramu 100, yanatoa protini gramu 8 hadi 9. Yai moja linatoa gramu 6 hivi. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikiwa imepikwa, inatoa karibu gramu 26. Sahani nzima ya uyoga mbichi wa gramu 200 inatoa gramu 6 au 7. Anayeacha nyama na kuweka uyoga peke yake, bila kunde, mayai au maziwa, amepunguza protini ya mlo wake kwa kiasi kikubwa. Sisemi hivi kuushusha hadhi. Nasema kwa sababu watoto hulishwa kwa matangazo, na mtoto anayekua hana nafasi ya kukosea.

Hatua ya 4: Elewa kabohaidreti, na tumbo lako

Uyoga hauna wanga kama ule wa viazi au mahindi. Akiba yake ya nishati ni glikojeni, kama ilivyo kwenye ini la mnyama, pamoja na sukari iitwayo trehalosi na alkoholi ya sukari (isiyolevya) iitwayo manitoli. Sehemu nyingine kubwa ni nyuzinyuzi: kitini tuliyoitaja, na beta-glukani. Kwa kuwa kinachomeng'enywa ni kidogo, uyoga haupandishi sukari ya damu kwa kasi, na ni chaguo zuri kwa anayeangalia sukari yake, ilimradi asiumwagie mchuzi mtamu.

Manitoli ndiyo huwasumbua baadhi ya watu. Haifyonzwi vizuri, hivyo inafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na tumbo linajaa gesi. Uyoga wa kifungo na shiitake vina manitoli nyingi. Mamama wana kidogo. Ukila uyoga wa kifungo tumbo likavimba, jaribu mamama kwa kiasi kidogo kabla ya kujinyima uyoga wote.

Hatua ya 5: Mafuta

Hapa pafupi. Mafuta ya uyoga mbichi hayafiki hata gramu moja kwa 100, na sehemu kubwa ni asidi linoleiki, ambayo mwili unaihitaji. Kolesteroli haina nafasi ya kutajwa. Mahali pake uyoga una ergosteroli, na hiyo tutaifikia penye jua.

Hatua ya 6: Vitamini na madini: paone pale penye nguvu

Nguvu ya kweli ya uyoga iko kwenye vitamini za kundi B. Gramu 100 za uyoga wa kifungo mbichi zina ribofleivini, yaani vitamini B2, miligramu 0.4. Mwanamume mzima anashauriwa kupata miligramu 1.3 kwa siku, kwa hiyo amepata karibu theluthi. Niasini ni miligramu 3.6, na kwa mamama inakaribia 5, wakati mahitaji ya mwanamume kwa siku ni 16. Asidi ya pantotheni nayo ipo kwa wingi, miligramu 1.5. Mamama huongeza foleti, kiasi cha mikrogramu 38.

Kwenye madini, potasiamu ndiyo inayoongoza: miligramu 318 kwa kifungo na 420 kwa mamama, huku sodiamu ikiwa kidogo sana. Shaba ni miligramu 0.3 hivi katika uyoga wa kifungo, zaidi ya theluthi ya hitaji la siku la miligramu 0.9, na hili watu hawalitaji. Seleniamu ni mikrogramu 9 hivi, ingawa hubadilika sana kulingana na udongo na mazao yaliyotengenezea mboji ya kuoteshea. Fosforasi ipo. Chuma katika mamama hufika miligramu 1.3, lakini ni chuma cha aina ya mimea, ambacho mwili hukifyonza kwa shida. Mtu mwenye upungufu wa damu asitegemee uyoga kuwa tiba.

Kuna pia ergothioneini, dutu inayodhaniwa kulinda seli zisiharibike, iliyotambuliwa mwaka 1909 na mfamasia Mfaransa Charles Tanret. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza, ila una kisafirishi maalumu cha kuiingiza ndani ya seli, na uyoga ni miongoni mwa vyakula vyenye nyingi kuliko vyote. Mamama na shiitake wana zaidi ya uyoga wa kifungo.

Sasa udhaifu wake. Vitamini A hakuna. Vitamini C ni chembe, miligramu 2 hivi. Kalsiamu ni kidogo mno. B12 inapatikana kwa chembechembe ambazo hazitoshi, hivyo asiyekula kabisa vyakula vya wanyama atafute B12 kwingine. Weka mboga za majani za kijani na tunda kando ya uyoga, na mapengo haya mengi yatazibika.

Hatua ya 7: Uweke juani kwa muda mfupi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, maana haina gharama na faida yake ni kubwa. Uyoga unaolimwa kwa kawaida hukua ndani, bila jua la moja kwa moja, na ukichumwa hauna vitamini D ya maana. Lakini una ergosteroli tele, dutu ambayo Tanret huyohuyo aliitenga mwaka 1889. Mionzi ya urujuanimno aina ya B ikiigonga, ergosteroli hubadilika kuwa vitamini D2. Hata uyoga uliokwisha kuchumwa hufanya hivyo.

Fanya hivi. Subiri saa za katikati ya mchana, jua likiwa kali. Kata uyoga vipande, au kama ni mzima ugeuze, mikunjo iliyo chini ya kofia itazame juu. Utandaze safu moja kwenye trei, nje, mahali pasipo na kivuli. Dakika 15 hadi 60 kwa kawaida hutosha kuzalisha mikrogramu 10 au zaidi kwa kila gramu 100, wakati kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa mtu mzima ni mikrogramu 15 kwa siku. Nyuma ya kioo cha dirisha hupati kitu, kwa kuwa kioo huzuia mionzi hiyo. Wingu zito, jua la jioni na majira ya baridi katika nchi zilizo mbali na ikweta hupunguza matokeo sana.

Usiuache juani kutwa. Ribofleivini ile uliyoifurahia katika Hatua ya 6 huharibiwa na mwanga. Mpe jua lake, kisha umtoe: upike, au ukaushe kivulini na kwa moto mdogo. Vitamini D iliyokwisha kutengenezwa hupungua polepole kadiri uyoga unavyokaa, hivyo ni vyema uanike siku ile unayokusudia kuupika au kuukausha.

Hatua ya 8: Pika, na usimwage maji

Uyoga usiliwe mbichi. Kuta za kitini hufungua virutubisho vyake kwa shida, na joto husaidia kuzilainisha. Uyoga wa kifungo una agaritini, dutu ya asili inayoshukiwa kuwa na madhara, ambayo hupungua kwa kupikwa. Shiitake mbichi au isiyoiva vizuri inaweza kuwasababishia baadhi ya watu vipele vyekundu vyenye michirizi kana kwamba wamechapwa fimbo. Hali hiyo inahusishwa na lentinani, aina ya beta-glukani iliyomo kwenye shiitake, na njia ya kuiepuka ni kuivisha shiitake vizuri.

Vitamini za kundi B na potasiamu huyeyuka katika maji. Ukichemsha uyoga kisha ukamwaga maji, umemwaga sehemu ya kile ulichokifuata. Kama unachemsha, mchuzi huo uunywe au uutumie kupikia nafaka.

Njia ninayoipendekeza ni sufuria pana na moto wa wastani, bila mafuta mwanzoni. Weka uyoga uliokatwa na chumvi kidogo, acha. Baada ya dakika chache utauona unaanza kutoa jasho, kisha maji yanajaa chini na kuchemka. Usiyamwage, subiri. Yatakauka yenyewe na kurudisha ladha ndani ya vipande, na sauti ya sufuria itabadilika kutoka kutokota hadi kuchacharika. Hapo ongeza kijiko kidogo cha mafuta na vitunguu, ugeuze mpaka kingo ziwe za kahawia. Ukitia mafuta tangu mwanzo, uyoga huyanyonya, nawe unaongeza tena. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kilokalori 120 hivi, zaidi ya mara tano ya nishati ya gramu 100 za uyoga wa kifungo. Kwa mtoto mwembamba au mgonjwa anayehitaji nguvu, mafuta hayo ni msaada. Kwa anayepunguza uzito, ndiyo yanayoharibu hesabu.

Hatua ya 9: Kausha na uhifadhi

Uyoga ukichumwa haufi mara moja. Unaendelea kupumua kwa kasi, ukitumia sukari zake zenyewe na kupoteza maji. Uweke kwenye jokofu ndani ya mfuko wa karatasi, si plastiki iliyofungwa kabisa ambayo huufanya uteleze na kuoza, na uutumie ndani ya siku chache.

Kwa muda mrefu, kausha kwa utaratibu wa Hatua ya 2, kisha funga kwenye chombo kisichopitisha hewa na ukiweke gizani. Kilo 10 za uyoga mbichi hutoa takriban kilo 1. Ukisaga unga, kumbuka ulinganifu huo unapopika: kijiko chenye gramu 10 za unga ni sawa na gramu 100 za uyoga mbichi, na katika uji au mchuzi kinaongeza protini gramu 2 au 3.

Shiitake iliyokauka iloweke kwenye maji baridi kwa saa kadhaa, kisha ipike na maji yaleyale, ukiacha mchanga uliotuama chini. Ndani yake kuna guanileti, dutu ambayo Mjapani Akira Kuninaka aliihusisha na ladha ya umami, ile ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama, katika miaka ya 1950, na inapokutana na glutameti ya vyakula vingine ladha huongezeka maradufu. Faida yake kiafya ni kwamba unaweza kupunguza chumvi na chakula kisikose ladha.

Hatua ya 10: Angalia nani anakula, na nani anauza

Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aongee na daktari wake kabla ya kuula mara kwa mara, na awe mwangalifu zaidi na unga, maana potasiamu yote imebaki ndani. Uyoga una purini kwa kiwango cha wastani, kwa hiyo mwenye jongo ale kwa kiasi, akitazama mwili unavyoitikia. Anayepata muwasho, kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya kula aache mara moja na atafute matibabu.

Muulize mkulima amelimia nini. Uyoga hufyonza metali nzito, kadimiamu ikiwemo, kutoka kwenye malighafi ya kuoteshea. Majani na vumbi la mbao safi havina tatizo. Mabaki yaliyotoka kando ya viwanda, au mbao zilizopakwa dawa na rangi, yasitumike kabisa.

Na ukikutana na muuzaji anayedai uyoga wake unatibu saratani, rejea ukweli huu: lentinani ya shiitake ilitumika hospitalini Japani kuanzia miaka ya 1980, lakini ikiwa imesafishwa, kwa sindano, pamoja na dawa nyingine za saratani ya tumbo. Kuula uyoga huohuo kwenye mchuzi si matibabu hayo, na mgonjwa asiache dawa zake kwa ajili yake.